Dakika Thelathini na Sita za Kaka Yangu

Sehemu ya Saba

Niliwaacha nikiwa mlangoni kwa bosi, mkono kwenye kitasa, na mle ndani mkaguzi wa Mamlaka akiicheza sauti ya kaka yangu tena na tena. Wengine mmeniandikia kwamba mngekuwa mimi mngetimua mbio. Niende wapi? Baada ya talaka, na baada ya ile nyumba kuungua (nawakumbusha tena kwamba jiko halikuwa langu), redio ile ndiyo ilikuwa mahali pekee nilipobaki nikisubiriwa na mtu asubuhi.

Kwa mliojiunga leo, mambo ni haya. Kazi yangu ni kuhesabu dakika. Nakaa kwenye chumba kidogo nyuma ya studio, saa ya kuhesabia sekunde shingoni. Kampeni zikianza, mwanasiasa akifungua mdomo redioni, nabonyeza. Akifunga, nabonyeza. Kila Jumatatu tunaipelekea Mamlaka, wale wanaotoa leseni za redio, Fomu ya Uwiano, inayoonyesha nani kapewa dakika ngapi. Ukimpa mmoja, uwape wapinzani wake sawasawa, la sivyo wanakuzimia mtambo. Ofisini waliniita Mama Sekunde, na mimi nikavimba kichwa.

Kaka yangu, aliyenilea tulipobaki yatima, aliwahi kuwa mtangazaji wetu. Miaka minane iliyopita aliacha kazi akafungua shule ya udereva. Yeye akaondoka, sauti yake ikabaki. Kila saa ikitimia, usiku na mchana, ndiyo ilikuwa ikisema: "Ni saa tatu kamili. Popote ulipo, upo nasi." Kisha muziki kidogo. Mji mzima unamwita Kengele, hata wasiomjua kwa sura, na sisi wa redioni tulikuwa hatuisikii tena sauti ile, maana ilishakuwa kama rangi ya ukuta.

Mwaka huu kaka akachukua fomu ya udiwani. Aliandikishwa kwa jina la kwenye vyeti, ambalo hata bosi hakulijua. Orodha ya wagombea niliichapa mimi kwa vidole vyangu. Nililiona jina, nikalijua, nikajitia hamnazo.

Basi nikausukuma mlango.

Mkaguzi alikuwa mtu mwembamba, mpole, anayeongea kama jirani aliyekuja kuomba chumvi. Hao ndio wabaya. Kompyuta yake ilikuwa juu ya meza ya bosi, na bosi amesogezwa pembeni kwenye kiti cha wageni ofisini kwake mwenyewe.

"Karibu, dada," akaniambia. "Hebu tusaidie hesabu. Hili tangazo la saa lina urefu gani?"

Sikuhitaji kuangalia popote. "Sekunde kumi."

"Linatoka mara ngapi kwa siku?"

"Ishirini na nne."

"Na kampeni za udiwani zina siku ngapi tangu zianze?"

"Hadi jana, tisa."

Akaandika kwa penseli, akapiga mstari, akageuza karatasi tuione. "Dakika thelathini na sita. Mgombea mmoja wa udiwani amepewa na redio hii dakika thelathini na sita. Wenzake watatu wamepewa sifuri."

Bosi akacheka, kile kicheko cha mtu asiyejua kama anataniwa. "Mzee, ile si kampeni. Kengele anataja saa tu."

"Anataja saa kwa sauti yake. Kanuni inasema sauti ya mgombea. Haijasema sauti ya mgombea anayeomba kura."

"Mgombea gani? Kengele anafundisha watu kurudisha magari nyuma."

Mkaguzi akamsogezea orodha, kidole kwenye mstari wa tatu. Bosi akasoma. Akasoma tena. Akanigeukia polepole, na nikaona damu imemkauka usoni.

"Huyu ni kaka yako?"

"Ndiye."

"Ulijua kwamba anagombea?"

Ningeweza kuwapiga chuku hapa, niseme niliwaza hili na lile. Sikuwaza kitu. Mdomo ulijibu peke yake.

"Sikujua, bosi."

Mkaguzi akatoa karatasi nyingine, nyeupe, yenye mhuri juu. "Vizuri. Basi andika hivyo hivyo. Kutojua ni kosa linalorekebishika. Kila mpinzani apewe dakika zilezile, thelathini na sita kamili, kabla kampeni hazijafungwa kesho saa kumi na mbili jioni. Mkitimiza, nafunga jalada na kwenda zangu."

"Na tungekuwa tumejua?" bosi akauliza, masikini, kwa udadisi tu.

"Kujua na kunyamaza ni jambo jingine. Hapo mtambo unazimwa leo hii, na leseni inarudi mezani. Sijawahi kuona leseni iliyorudi mezani ikatoka."

Ishirini na sita. Ndiyo idadi yetu, kuanzia bosi mpaka mfagiaji. Niliwaona wote kwenye ile karatasi. Nikaandika: *Sikujua kwamba kaka yangu ni mgombea.* Nikatia sahihi. Mwandiko ulikuwa safi kama wa fomu za kila Jumatatu, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Fundi mitambo akaiondoa sauti ya kaka. Saa tano ikafika, ikapita kimya. Ndani ya dakika tano simu zilikuwa zinalia, watu wanauliza kama ni saa tano au redio imekufa.

"Haijafa," bosi alikuwa akiwajibu. "Inaumwa."

Kisha akatugawa. Wapinzani watatu, saa thelathini na moja zimebaki. Mpinzani wa kwanza, mwalimu mstaafu, tulimpigia akafika kabla simu haijapoa. Alizungumzia mifereji ya maji machafu dakika thelathini na sita kamili, kama aliyekuwa akijiandaa tangu azaliwe. Nikabonyeza, nikaandika, mkaguzi akatia tiki.

Wa pili, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuja amevaa miwani ya jua hadi ndani ya studio. Alimaliza sera zake zote kwa dakika saba.

"Nimemaliza," akasema, akavua visikizio.

"Hujamaliza," bosi akamwambia kwa ishara, nyuma ya kioo, mikono yote miwili hewani.

Akarudia sera. Akasalimia ukoo wake, mmoja mmoja, pamoja na marehemu. Ilipofika dakika ya thelathini alikuwa anaeleza tofauti ya misumari ya bati na misumari ya mbao, jasho linamtiririka, na mimi nyuma ya kioo na saa yangu namwomba Mungu asikauke sauti. Zikatimia. Akatoka akishikilia ukuta.

"Wa tatu nani?" nikauliza.

Bosi hakunitazama. "Fundi cherehani. Yule mama mgombea binafsi. Nimempigia mara nne. Anasema hana haraka."

Jamani! Huyo mama nilikuwa namjua.

"Nenda wewe," bosi akasema. "Mwanamke kwa mwanamke. Akubali kuja, au asaini kwamba amekataa. Kanuni inaruhusu. Mkaguzi amesema akisaini tumesalimika."

Nilikwenda na fomu kwenye bahasha. Kibanda chake kina cherehani mbili, moja inafanya kazi, nyingine inatumika kama meza. Redio yake ilikuwa kwenye msumari ukutani, antena imefungwa kwa uzi mwekundu, na ilikuwa imezimwa. Alikuwa anapinda mapazia ya ukumbi fulani, kitambaa kirefu kimejaa chumba chote.

"Hodi, mama."

"Karibu. Kaa hapo kwenye benchi."

Nikakaa. Akaendelea kushona mpaka mwisho wa pindo.

"Umenikumbuka?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Nimekukumbuka, mama."

"Siku ya tatu ya kampeni nilikuja kwenu. Nilikaa kwenye benchi kama hilo, tena la kwenu lina mguu mmoja mfupi. Nilikuomba dakika ngapi?"

"Moja."

"Ukaniambiaje?"

"Kwamba udiwani hatuugusi. Tukimpa mmoja dakika, lazima tuwape wote."

"Nikasema sawa, sheria ni sheria. Nikanyanyuka. Sijafika mlangoni, ikatangazwa saa nne." Akasimamisha cherehani kwa kiganja. "Ukaangalia spika ya ukutani. Halafu ukaniangalia mimi. Halafu ukainama ukaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimepangika."

Wasomaji wangu, hii nayo sijawahi kumwambia mtu. Ni kweli kabisa. Mpaka dakika ile nilijua kaka anagombea, na nilijua sauti ya saa ni ya kaka, lakini mambo hayo mawili yalikuwa hayajakutana kichwani mwangu. Yalikutana pale, mama wa watu akiwa hajafika mlangoni. Ningeweza kwenda kwa fundi mitambo wakati uleule. Zilikuwa siku mbili na saa nne tu, dakika kama tisa hivi, aibu ndogo, tungezifidia tukacheka. Lakini ningelazimika kuandika sababu kwenye fomu, na bosi alishaapa kwamba atakayeharibu uwiano anakwenda nyumbani. Nikaahirisha mpaka kesho. Kesho yake nikaahirisha tena. Na niseme ukweli wote, maana ndiyo mnayoisomea safu hii: nilikuwa nataka kaka ashinde. Kila saa ilipogonga nilikuwa nasikia raha fulani hapa kifuani.

"Ndiwe uliyelalamika Mamlaka?" nikamuuliza.

"Ndimi. Mimi nashona na redio kuanzia asubuhi. Kaka yako nilimsikia kwenye mkutano wake wa hadhara juzi, nikadondosha mkasi. Nikasema huyu si ndiye huniambia saa ya kupika?"

"Mama, yaliyopita nakuomba radhi. Njoo uchukue dakika zako. Thelathini na sita, bure."

"Sijui kama nazitaka."

"Basi saini hapa kwamba umekataa."

"Sijakataa."

"Kwa hiyo umekubali?"

"Sijakubali pia. Nafikiria."

Nikapiga magoti. Sina aibu kulisema. Nilipiga magoti kwenye vipande vya mapazia, nikashika pindo la gauni lake. "Mama, kuna watu ishirini na sita pale. Kuna wenye watoto. Kuna mfagiaji ana mama yake amelazwa. Redio ikizimwa wote wamekwisha."

"Inuka," akasema. "Hapo kuna pini."

Zilikuwepo kweli. Mbili zilishanichoma.

Alinitazama nikizitoa gotini, uso wake haukuonyesha ukali wala huruma. "Wewe umezungumza redioni miaka mingapi?"

"Mimi sizungumzi redioni, mama. Mimi nahesabu tu."

"Haya. Rudi kazini. Nikiamua nitakuja."

Nilitoka pale nikiwa sina mbele wala nyuma. Badala ya kurudi ofisini nikaenda kwa kaka. Nilimkuta uwanjani kwake, ndani ya gari la wanafunzi, peke yake, kwenye kiti cha mwalimu. Nikaingia upande wa usukani kwa sababu ndio uliobaki.

"Nimesikia," akasema. "Saa tisa imepita bila mimi. Mji mzima umenipigia."

"Kaka, ukiulizwa, hukuniambia. Nimesaini kwamba sikujua."

Akageuka. "Umesaini?"

"Nimesaini."

"Mdogo wangu, kwa nini usaini uongo? Nitakwenda mwenyewe kwa huyo mkaguzi. Nitajitoa kwenye kinyang'anyiro, nimwambie kosa ni langu."

"Ukijitoa, dakika ulizokwisha kutumia zinabaki palepale. Ukisema uliniambia, redio inazimwa. Kaa kimya. Nakuomba unisaidie kwa kukaa kimya."

Vidole vyake vilikuwa vinachezea breki ya mkono, juu, chini, juu, chini. Nilidhani anaona aibu kwa ajili yake mwenyewe.

"Unakumbuka nilikuambia lini?" akauliza.

"Jumapili, kabla ya kampeni kuanza. Jikoni kwako. Ukasema, wewe ndiye wa kwanza kujua, na unajua la kufanya pale kazini."

"Na ukaelewa nini?"

"Nikaelewa nikutunzie. Nisikuharibie."

Kaka akafumba macho. Amenilea tangu nina miaka sita, amenipeleka shule, amenisindikiza kwenye ndoa na amenipokea kwenye talaka.

"Nilikuambia wewe kabla ya mke wangu," akasema, "ili uniondoe hewani. Nimefanya kazi pale miaka mitano. Kanuni naijua. Nilijua kuna mtu mmoja tu mwenye saa shingoni, na ni dada yangu. Siku ya kwanza niliposikia sauti yangu bado ipo, nikasema labda kanuni imebadilika. Nikasema Mama Sekunde hawezi kukosea."

Hakunigombeza. Angenizaba kibao ningelala vizuri zaidi. Alishuka, akaja upande wangu, akanifungulia mlango kama anavyowafungulia wanafunzi waliofeli.

Ijumaa ikafika. Asubuhi, hakuna. Mchana, hakuna. Mkaguzi alikuwa ameketi kwenye kona ya chumba changu na chupa yake ya chai, anasoma gazeti kwa utulivu wa mtu ambaye mshahara wake hautegemei mtambo wetu. Bosi alikwenda kibandani kwa yule mama mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa amekwenda kupeleka mapazia. Mara ya pili alirudi na suruali yake imepunguzwa mguu, kwa sababu alipofika alitazamwa kuanzia juu mpaka chini akaambiwa hawezi kuondoka hivyo.

"Amesemaje?" tukamuuliza.

"Amesema nivute pumzi."

Kufikia saa kumi alasiri watu walishaanza kukusanya vitu vyao mezani. Mtangazaji wa michezo alikuwa anafunga kikombe chake kwa gazeti. Mfagiaji alifagia chumba kilekile mara tatu. Hakuna aliyenilaumu, kila mtu aliniamini, na mtangazaji wa taarifa alinipiga bega akasema, "Usijikaange, Mama Sekunde. Ungejuaje?" Nilikwenda kujifungia msalani.

Nilishapiga hesabu. Ili dakika thelathini na sita zitimie kabla ya saa kumi na mbili, lazima aanze saa kumi na moja na dakika ishirini na nne. Ikizidi hapo hata sekunde moja, tumekwisha.

Saa kumi na moja na dakika kumi na nane, mlinzi akapiga simu kutoka getini. "Kuna mama huku ana tepu ya kupimia shingoni."

Sijui nani alianza kupiga makofi. Bosi alikimbia, narudia, alikimbia, na ile suruali yake mpya. Alirudi amemshika yule mama mkono kama bibi harusi. Akamvutia kiti, akampimia maikrofoni, akamwuliza kama anataka maji, ya baridi au ya kawaida, anataka mto wa mgongoni.

"Nataka yule," mama akasema, akaninyooshea kidole kupitia kioo.

"Huyu ndiye anayehesabu, mama. Lazima akae huku."

"Mkaguzi si ana saa? Ahesabu yeye. Mimi sijui kuhutubia. Najua kuuliza na kujibiwa. Dakika zangu nataka kuzitumia kwa kumwuliza huyu binti maswali."

Bosi akamgeukia mkaguzi. Mkaguzi akafungua kitabu chake cha kanuni, akalowesha kidole, akafunua ukurasa mmoja, wa pili. Saa kumi na moja na dakika ishirini na moja.

"Mgombea ana hiari ya namna ya kutumia muda wake," akasoma. "Alimradi awepo studio na mazungumzo yawe ya kwake."

"Nikikataa?" nikauliza. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

"Ukikataa wewe, redio ndiyo itakuwa imemnyima muda."

"Dada yangu," bosi akaninong'oneza, machozi yanamlenga, "nakuomba. Atauliza mambo ya mifereji. Jibu chochote." Akanivua saa shingoni mwenyewe, akampa mkaguzi.

Nikaingia. Miaka kumi na moja nimeiangalia studio ile kupitia kioo, na nilikuwa sijui kwamba ndani yake mtu unasikia pumzi zako. Nikavaa visikizio. Saa kumi na moja na dakika ishirini na nne taa nyekundu ikawaka, na upande wa pili wa kioo mkaguzi akabonyeza.

Mama alijitambulisha kwa jina na kazi. Akasema anagombea udiwani, akasema asiyetaka kumchagua asimchague. Kisha akanigeukia.

"Binti, waambie watu kazi yako hapa ni nini."

Nikawaambia. Mambo ya saa na fomu, na ukimpa mmoja uwape wote. Nilianza kupata nguvu, maana kazi yangu naijua.

"Na ni nani alikupangia kazi hiyo? Bosi?"

"Ni sheria, mama. Ili mwenye pesa na asiye na pesa wasikike sawa."

"Sheria nzuri hiyo. Mimi naiunga mkono. Hadi leo mchana mimi nilikuwa nimesikika sekunde ngapi?"

"Sifuri."

"Na kaka yako?"

"Dakika thelathini na sita."

"Kwa kutaja saa."

"Kwa kutaja saa."

Nilitazama kioo. Ofisi nzima ilikuwa imejazana pale nyuma ya mkaguzi, pua zinagusana na kioo, na bosi alinionyesha dole gumba. Wote walikuwa wanatabasamu. Saa ya ukutani ilionyesha kwamba dakika tano zimepita.

Fundi mitambo alikuwa na kidole juu ya kitufe cha kukata sauti, kama ilivyo kawaida ya kipindi cha moja kwa moja. Nikamwona bosi anamtoa ule mkono kwa upole, anauweka pembeni. Sote tulijua kwa nini. Sauti ile tusingethubutu kuikata sisi wenyewe hata kwa sekunde moja. Maneno ya mama yule ndiyo yaliyokuwa yanatuokoa, kila neno, na kadiri alivyozungumza ndivyo watu wangu ishirini na sita walivyozidi kupona.

"Binti," akasema, na sauti yake ikashuka, ikawa ya kibandani. "Mimi nimesoma karatasi uliyoiandikia Mamlaka. Mlalamikaji hupewa nakala. Umeandika hukujua kwamba kaka yako anagombea."

Nikasogeza visikizio vikae sawa.

"Sikuletei shari. Kesho watu wa mji huu wanapiga kura, na mimi na kaka yako tumo kwenye karatasi moja. Nadhani wana haki ya kusikia kutoka kwako na si kutoka kwangu. Ulijua lini?"

Nyuma ya kioo tabasamu zilibaki palepale. Walikuwa wanasubiri niseme sikujua, waendelee kushangilia. Mkaguzi peke yake ndiye aliyeshusha kikombe chake cha chai. Akaivuta ile karatasi yenye sahihi yangu kutoka kwenye jalada, akailaza mbele yake, na mkono mwingine ukabaki kwenye saa.

Nikisema jana, nimedanganya mji mzima hewani, na kaka yangu ananisikiliza ndani ya gari lake. Nikisema Jumapili ile jikoni, mtambo unazimwa kabla sijavua visikizio. Nikinyamaza, kanuni iko wazi, niliwahi kuichapa mwenyewe: kimya kinachozidi sekunde kumi hakihesabiwi, na dakika hazitatimia.

Nikaanza kuhesabu kichwani kwa mazoea. Moja. Mbili. Tatu.

Mama akanyoosha mkono juu ya meza, akaushika wangu. Vidole vyake vilikuwa vigumu nchani, vya mtu wa sindano.

"Sema taratibu tu, mwanangu," akasema. "Muda tunao. Tuna dakika thelathini na moja."

Nikaanza hesabu upya. Saba. Nane. Nikavuta maikrofoni karibu, kwa sababu ndivyo tunavyowaelekeza wageni, nikafungua mdomo.